Mkaguzi na Risasi ya Tatu

Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, sikumwuliza, na nadhani angenijibu kwamba mambo hayo hayapimiki. Mimi namkumbuka kuanzia alipokuwa tayari na kitambi. Siku za kazi alikuwa bandarini akikagua karafuu: alichota konzi moja kutoka guniani, akainusa, akaing'ata chembe moja, akamtazama mwenye gunia usoni, kisha akataja daraja. Jumapili alikagua bunduki. Mtu wa mjini akinunua raifali, au akirithi ya marehemu baba yake, hakuwa na raha nayo mpaka Mkaguzi ameiona. Watani walisema anaing'ata nayo. Huo uzushi, ingawa siku moja mimi mwenyewe nilimwona akiilamba.

Kundi letu la wasasi lilikuwa na watu wa kuja na kuondoka, lakini watatu hatukukosa: yeye, Seif mwenye tanuri la mkate, na mimi fundi cherehani. Tulitoka mjini baada ya sala ya alfajiri kwa gari la mkate la Seif, tumekaa juu ya masanduku matupu, na bunduki zetu zikanuka hamira mpaka katikati ya wiki. Kabla ya kwenda msituni tulipita kwenye machimbo ya mawe njia ya Fumba, na hapo ndipo Mkaguzi alipofungua mahakama yake.

Kukagua kwake hakukuwa kutazama. Uzuri wa kitako, nakshi za fedha, jina la mtengenezaji, yote hayo aliyaita mambo ya harusi. Yeye alitaka gunia la mchanga la kuegemeza mtutu, kitambaa cha marikani kwa mbali, na risasi tatu. Kitambaa nilikishona mimi, na paa aliye juu yake nilimchora mimi kwa makaa. Kila Jumapili Mkaguzi aliutazama mchoro wangu kwa huzuni.

"Fundi, huyu paa au punda wa Darajani?"

"Paa, Bwana Mkaguzi."

"Basi huko aliko, majani si haba."

Mpigaji alitakiwa kusema risasi imeingia wapi mara tu ilipotoka, kabla mtu hajakwenda kuangalia. "Asiyejua alikopiga kakosa," Mkaguzi alisema, "hata kama kapata." Na hakutoa hukumu kabla ya ya tatu. Msemo wake ulikuwa mmoja, na sisi tuliuimba mpaka wake zetu wakauchoka: risasi moja ni bahati, mbili ni jamaa, tatu ni tabia.

Alikuja tajiri mmoja wa Kiponda na raifali mpya iliyofungwa kwa hariri. Risasi yake ya kwanza iliingia palepale nilipotia alama, nyuma ya bega. Watu wakapiga makofi, na tajiri akaanza kuitafuta hariri yake.

"Bado hujaipiga," Mkaguzi akamwambia.

"Sijaipiga? Na tundu lile kalitoboa nani?"

"Lile kalitoboa Mola. Sasa piga wewe."

Ya pili ilikwenda ukutani mwa machimbo. Ya tatu hatukujua imekwenda wapi mpaka Seif alipotaka kumimina chai akakuta birika linavuja ubavu huu na huu, na birika lilikuwa mbali na kitambaa, tena sisi tulidhani ni mbali salama.

Siku hiyohiyo alikuja mkulima wa Mwera na raifali kuukuu ambayo kitako chake kimekazwa kwa waya. Zake zote tatu zilikwenda shubiri nzima kushoto, lakini ungeweza kuzifunika kwa kikombe cha kahawa. Mkulima akainamisha kichwa, na Mkaguzi akaibusu ile bunduki kwenye waya.

"Hii kweli tupu," alisema. "Inakosea, lakini inakosea palepale. Sogeza alama ya kulengea kidogo tu, itakufuata mpaka kaburini. Ile ya bwana mkubwa huwezi kuirekebisha, maana hujui leo imeamka na nini."

Tajiri aliondoka bila kuaga, na birika hakulilipa.

Kipimo hicho hakikubaki machimboni. Mwuza kahawa mpya akija mtaani, Mkaguzi alikunywa kwake siku tatu ndipo akatia neno. Vinyozi vilevile, na kidevu chake kilikuwa shahidi wa majaribio hayo. Alipokuja kijana kumposa binti yake, siku ya kwanza alileta halua, siku ya pili halua, na Mkaguzi akaila yote bila kusema lolote. Siku ya tatu kijana alifika mikono mitupu, kalowa chapachapa kwa mvua, na kakasirika hasa. "Ehe, sasa kaja mwenyewe," Mkaguzi akasema. Akampa taulo, na baadaye akampa binti. Ndoa ile nasikia haina neno.

Kwa mtu aliyependa usahihi kiasi hicho, alikuwa na vituko. Masafa aliyapima kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa mifupi, kwa hiyo kundi letu likasifika mjini kote kwa kupiga mbali. Masikioni alitia pamba kuanzia nyumbani ili mshindo usimharibu, kisha akaisahau, basi Jumapili nzima alinong'ona kwa sauti ya mwadhini. "NYAMAZENI!" alitwambia msituni. "PAA ANA MASIKIO!" Tulirudi mikono mitupu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na Bi Rukia, mkewe, mwanamke mwenye akili zake, alikuwa akinunua samaki, changu, sokoni Jumapili asubuhi kabisa kabla hatujashika njia.

Bi Rukia huyohuyo ndiye aliyenihadithia mazoezi ya nyumbani. Baada ya chakula Mkaguzi alikaa ukumbini na bunduki tupu, mkewe akamwekea senti kumi ile yenye tundu juu ya mtutu, naye akavuta kifyatulio polepole, pumzi kaizuia nusu. Senti ikianguka, anaanza upya.

"Pumua, mume wangu," Bi Rukia humwambia. "Chai inapoa na wewe unabadilika rangi."

Msituni hakumpiga paa anayekimbia, wala aliyempa mgongo, wala aliyefichwa na kijiti hata kimoja. "Hakukutukana huyu," alikuwa akisema, "basi na wewe usimfanyie ufedhuli." Wakati mmoja mgeni wetu alimpiga paa tumboni, naye akakimbia na jeraha lake. Mkaguzi alisimamisha msako. Tulifuata matone ya damu juu ya mawe makali ya uwandani mpaka viatu vyangu vikaachama, tukampata mnyama jua linakuchwa, tukamaliza mateso yake. Mkaguzi alilia mbele yetu sote wala hakujifuta. Mgeni yule hatukumchukua tena, na mimi nilimpenda Mkaguzi zaidi tangu siku ile.

Lakini kilichowashangaza watu zaidi kule machimboni ni mbio. Akisha kupiga risasi yake ya tatu, Mkaguzi alihakikisha bunduki ni tupu, akamkabidhi Seif, akachomoa kisu kiunoni, akatimua mbio na kitambi chake mpaka kwenye kitambaa, akasema "Bismillahi, Allahu Akbar," akamchinja paa wangu wa makaa. Kisha alisimama pale anahema, akituuliza kwa ukelele kama amefika upesi. Kila wiki nilishona shingo mpya.

Nilipomwuliza Seif maana yake, alicheka mpaka akashika mti. "Mwulize mkwewe," akasema.

Mkwewe, mama yake Bi Rukia, alikaa Jambiani, mjane mfupi mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumwomba aipandishe. Nitamwita Bi Mkubwa, kwani ndivyo Mkaguzi alivyomwita. Fungate haijesha, bwana harusi alitaka kumwonyesha mama mtu kwamba binti hakupotea. Akaenda msituni, akapiga paa, akambeba begani mpaka Jambiani. Bi Mkubwa akaja mlangoni, akamtazama paa, akamtazama mkwe.

"Uliwahi?" akamwuliza.

Kila Mwislamu wa Unguja aliyewahi kushika bunduki analijua swali hilo. Wako masheikh wanaosema ukipiga bismillahi wakati wa kufyatua, yatosha. Wako wanaosema risasi huponda, haichinji, kwa hiyo mnyama akikata roho kabla ya kisu kumfikia ni mzoga, na mzoga hauliwi. Bi Mkubwa alikuwa na hao wa pili, tena safu ya mbele.

Mkaguzi alikuwa amekimbia, amechinja, na damu imetoka. Je, mnyama alikuwa bado hai? Alidhani hivyo. Alifungua mdomo, akaufunga, akalionja lile swali kama karafuu anayoishuku kuwa na unyevu. Bi Mkubwa akasema, "Haya," akaingia zake ndani, na paa akawa karamu ya paka.

Tangu hapo Bi Mkubwa hakugusa nyama ya mkono wa mkwewe. Samaki wake alikula, halua yake alikula, lakini nyama, ng'o. Na mkwe hajibizani na mkwewe. Huinamisha kichwa na kuondoka na lake moyoni. Mtu aliyeaminiwa na bandari nzima kwa karafuu hakuaminiwa na mama wa mkewe kwa kitoweo. Hilo ndilo lililokuwa likikimbia na kisu pale machimboni. Alitaka jambo moja tu, Bi Mkubwa ale nyama ya mkono wake kabla hajafa.

Alijaribu mara ya pili, Bi Rukia alipojifungua na mama mtu akaja mjini kumwuguza. Mkaguzi alileta paa, na swali likatoka nyuma ya pazia, "Uliwahi?" Safari hii hakunyamaza. Alieleza risasi ilivyoingia, mguu upi ulirusha teke, upepo ulivuma kutoka wapi, yeye alijikwaa mahali gani, na Maalim wa msikitini kwao anasemaje kuhusu pumzi ya mwisho. Alieleza mpaka wali ukapoa.

"Nimeuliza neno moja, baba," pazia likajibu, na Bi Mkubwa akala wali kwa kachumbari.

Baada ya hapo ndipo Mkaguzi alipoanza elimu yake ya mahali pa kupiga. Sisi wengine tulilenga nyuma ya bega, penye moyo na mapafu, mnyama aanguke na kwisha. Kwake yeye hapo palikuwa pazuri kupita kiasi, kwani mnyama alikwisha kabla ya kisu. Alitaka juu zaidi, pale shina la shingo linapokutana na bega, ili mnyama aanguke asiinuke, na pumzi ibaki kiasi cha mwendo wa mtu mwenye kitambi. Na ili mwendo uwe mfupi, alijongea karibu kuliko sisi sote. Nilitia alama mpya kwenye kitambaa, ndogo mithili ya kifungo cha kanzu. Kwa miezi mingi aliitoboa ileile, na senti haikuanguka tena mtutuni.

Paa wa kweli, bahati mbaya, hana alama. Jumapili moja alipiga juu kupita kiasi, risasi ikamkwaruza tu mnyama na kumzimisha. Mkaguzi alifika mbio, kisu mkononi, paa kalala, anapumua vizuri kabisa. Ilikuwa siku yake ya furaha.

"KIBLA WAPI?" akauliza.

"Huku," Seif akasema, akaonyesha.

"Huko Fumba!"

"Fumba iko huku, Bwana Mkaguzi, jua limetoka kule."

Walivutana, wakalitazama jua, wakanigeukia mimi niamue. Nilipokuwa naamua, paa aliinuka, akajipukuta, akatutazama sote watatu, akaondoka kwa mwendo wa kawaida. Habari ilifika mjini kabla yetu, sijui vipi. Bandarini wachukuzi walimwuliza mwezi mzima kama paa yule kesha wasili Makka.

Miaka ikenda. Kitambi kiliongezeka, mbio zikapungua. Mwisho ikaja habari kutoka Jambiani kwamba Bi Mkubwa hajiwezi na chakula hakimpiti kooni. Bi Rukia alikuwa ametangulia kumwuguza, na alituma neno ambalo Mkaguzi alikuja kulirudia dukani kwangu akiwa amesimama, kanzu haijafungwa vifungo.

"Anatamani mchuzi wa paa," aliniambia. "Ametamka mwenyewe. Fundi, nisipopata sasa sipati tena."

Tulikwenda siku ileile, wala haikuwa Jumapili, na wateja wa Seif wakala mihogo. Tuliingia uwandani nyuma ya Jambiani. Mkaguzi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa kimya kweli. Paa dume alitokea kwenye uwazi, akasimama ubavu, shingo kainua. Nilimwona Mkaguzi akitoa nusu ya pumzi, na kidole kikenda polepole hata mimi sikujua mshindo utatoka lini. Paa alianguka palepale.

Mkaguzi alikimbia kama kule machimboni. Alianguka mara moja, akainuka goti linavuja damu, akafika, akachinja. Sisi tulifika nyuma yake. Damu ilikuwa imeruka mpaka majanini, na Seif akapiga kelele za furaha, "Umewahi! Wallahi umewahi!" Mkaguzi alikuwa amepiga magoti, anamtazama mnyama jichoni.

"Ulimwona akipepesa?" akaniuliza.

"Nilikuwa nyuma."

"Manyoya yalicheza. Lakini na upepo ulikuwapo."

Tulimbebea paa njia nzima, na njia nzima tulimhubiria. Damu imeruka, damu ya maiti hairuki, shaka ni ya shetani. Aliitikia naam, naam.

Bi Mkubwa walikuwa wamemtoa uani, kalazwa juu ya kitanda cha kamba, mdogo kama kitoto. Mkaguzi hakusogea, alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, macho chini.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, baba." Akaligeuza jicho kwa paa. Sote tulijua linalokuja. "Uliwahi?"

"Kawahi!" Seif akadakia.

"Kawahi, bibi, damu iliruka!" nikasema mimi, na sikuona haya. Hata Bi Rukia mlangoni kwa jikoni alimkazia macho mumewe, kamwinulia nyusi, sema ndiyo, mwanamume, sema.

Mkaguzi alifungua mdomo, akaufunga. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Nilimwonea huruma.

"Sijui, mama," akasema. "Nilikimbia. Sijui."

Seif alishika kichwa. Bi Mkubwa alifumba macho kitambo, na nilipodhani amelala, mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Rukia kanieleza maneno yako ya bunduki," alisema kwa kile kisauti chake. "Ya kwanza n'kasema kijana kababaika. Ya pili n'kasema labda. Leo ya tatu. Unajua nnakufa, unajua nataka kula, na hawa rafiki zako wanapiga kelele kama kunguru wa Forodhani. Na bado huwezi kunidanganya." Akapumzika. "Basi n'shajua mwanangu yuko kwa nani. Kamkamate jogoo yule mwekundu, umchinje hapa, nnakutazama."

Jogoo yule alimzungusha Mkaguzi uani, chini ya kitanda, juu ya chungu cha maji, mara mbili karibu na mguu wa Bi Mkubwa, ambaye alitoa maelekezo. Mazoezi ya machimboni hayakupotea bure. Alimkamata, akamwelekeza kibla, na mara hii hakuna aliyebishana, akachinja. Jogoo akarusha mateke ya kuonekana mpaka kwa jirani.

Mchuzi ulipoiva, Bi Rukia alichukua bakuli amlishe mamake. Bi Mkubwa akatikisa kichwa.

"Mkono wake yeye," akasema.

Mkwe kumlisha mkwewe ni jambo ambalo sikupata kuliona kabla wala baada. Mkaguzi alinawa, akanawa tena, akasogea na bakuli huku macho kayaelekeza pembeni kwa adabu, hata tonge la kwanza likamgonga Bi Mkubwa puani. La pili akalenga vizuri zaidi. Bi Mkubwa alitafuna kwa ufizi, akameza, akafungua mdomo tena. Bi Rukia alijifunika uso kwa kanga. Paa alichukuliwa na Seif, aliyesema yeye kwa upande wake hana shaka hata chembe.

Bi Mkubwa hakukaa sana baada ya hapo. Tulikwenda kumzika, na siku ya hitma tukarudi, gari la mkate limejaa watu. Nilikaa ukumbini karibu na Mkaguzi, kila mtu na juzuu yake. Alikuwa na majonzi ya kweli, macho yamemvimba. Hakuwa na pamba masikioni siku ile, lakini mazoea yana tabu. Katikati ya kisomo aliniinamia sikioni.

"FUNDI," akaninong'oneza, na ukumbi mzima ukanyanyua vichwa. "YULE JOGOO. MISHIPA YOTE MIWILI ULIIONA IKIKATIKA?"

"Niliiona," nikamwambia. "Ulimwahi, Bwana Mkaguzi. Tena sana."

Alifikiri. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Hiyo moja," akasema, akageuka kumtafuta Seif.